Jiko la Fundi Baridi

Mtaa ulimwita Fundi Baridi, kwa kuwa riziki yake yote ilitoka kwenye mafriji mabovu ya watu. Kwa hiyo alipoburuta kabati kuukuu la chuma, lile la kuwekea mafaili ofisini, hadi uani kwake na kuanza kulijengea matofali kwa ndani, majirani walipata la kusema. "Fundi Baridi kahamia motoni! Makubwa haya!" Aliwajibu kwa kuguna. Hakuwa na moyo wa utani siku hizo.

Mkewe, Mama Mkate, alikuwa ameacha kuoka. Kwa miaka mingi alipima joto la tanuri la kuni kwa kuingiza mkono mtupu huku midomo ikimchezacheza, kisha akautoa na kusema, "Tayari," au, "Bado." Mumewe alidhani anasali. Basi asubuhi moja fundi akasikia harufu ya nyama inayoungua. Kwenda mbio uani, anamkuta mkewe kasimama palepale, mkono umo tanurini, hana hili wala lile, na midomo inacheza. Kisukari kilikuwa kimeua hisia zote za mikono.

Daktari hakumung'unya maneno: kuni na tanuri, basi. Kidonda kikafunga, lakini mama wa watu akawa wa kukaa barazani na kuvitazama vidole vyake, chakula kinarudi jikoni kama kilivyokuja. Fundi alimwona akizimika mbele ya macho yake. Alikwisha kumzika mtoto mmoja, na hakuwa tayari kumzika na mama yake.

Ndipo akalijenga jiko. Akafunga koili za umeme, akaziba nyufa kwa udongo, akachomeka kipima joto kwa ndani. Kwa nje akaweka kidhibiti, kisanduku chenye kidirisha cha namba nyekundu: joto likifika pale ulipopanga, chenyewe kinakata umeme, na likishuka kinaurudisha.

"Hutaingiza hata ukucha," alimwambia mkewe. "Kazi ya mkono itafanywa na hiki."

Lo! Mkate wa kwanza, kwa namba ambayo fundi alielekezwa na muuza vifaa, ulitoka mweusi nje, mbichi ndani.

"Baba Watoto, jiko lako linajua joto, ila halijui mkate wangu."

"Niambie basi niweke namba ngapi."

"Namba? Mimi tangu lini nikajua namba? Nilikuwa najua mkono." Akauficha mkono wenyewe kwenye upindo wa gauni, machozi yakimlengalenga.

Fundi alianza kukusanya koleo na bisibisi zake, na hapo mkewe akainuka mwenyewe.

"Acha hivyo. Kunja shati. Wewe utaingiza mkono, mimi nitahesabu."

"Kuhesabu? Si ulikuwa unasali?"

"Mzee, maneno mengi! Mkono ukikushinda kabla sijamaliza, joto limezidi. Nikimaliza na wewe bado unastarehe, halijafika."

Fundi akaliacha jiko lipate moto, akakata umeme, akafungua mlango, akaingiza mkono. Mama Mkate akaanza, taratibu. Akataja jina la kifungua mimba wao, na la baba yake, na la babu yake. Akamtaja binti wa pili vivyo hivyo. Kisha akamtaja kitinda mimba.

Fundi akageuka kumtazama mkewe. Jina lile halikuwa limesikika ndani ya nyumba tangu siku waliyorudi kutoka makaburini. Yeye ndiye aliyekataza, alisema hawezi kulisikia, basi, na mke akanyamaza, na watoto wakanyamaza. Kumbe kila alfajiri mama wa mtoto alikuwa akilitamka tanurini, mkono ndani ya joto, mahali pasipo na wa kumkataza. Machozi yakamtoka kama mtoto.

"Unaungua?" mkewe alishtuka.

"Hapana. Bado nastarehe."

"Basi halijafika."

"Rudia, mama. Naongeza moto, rudia tena."

Akaongeza, akakata umeme, akaingiza mkono. Mama akarudia wote watatu. Bado. Wakaongeza tena, na tena, mpaka mara moja mkono ukamshinda palepale kwenye jina la babu wa yule wa mwisho. "Hapo!" wakasema kwa pamoja. Fundi akaipanga namba iliyokuwa kidirishani.

Kesho yake mama alikanda unga kwa viganja visivyohisi kitu, akimwuliza mumewe kama umelainika. Jiko liliwaka, likanguruma kidogo, kisha kisanduku kikalia tiki, taa yake ndogo ikazimika.

"Limefika ngapi?" mkewe aliuliza bila kugeuka.

Fundi Baridi akaitazama namba. Kisha akamjibu kwa jina la mtoto wao wa mwisho, lote, hadi la babu yake.