Sol Iliyozama

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye klabu ya wafanyakazi wa miwa kule Kidatu, nilikabidhiwa piano na jiko la mkaa. Ndiyo, wanangu, jiko. Masika ya bonde letu huvimbisha mbao, na vibao vya piano vikinyonya unyevu huzama visirudi. Kwa hiyo kabla ya bugi, yaani dansi la mchana, mpiga piano alikaa na jiko pembeni akiikausha kama mpunga. Mimi, binti wa Kipogoro niliyefundishwa kinanda na sista wa parokia kwetu Mahenge, nilidhani wananitania.

Kiongozi wa bendi, mpiga tarumbeta asiyecheka, alinipokea hivi: "Kanisani watu huketi hata ukipiga vizuri. Hapa wakiketi, umekwisha. Jumapili tunapiga wimbo wako. Wakiketi, Jumatatu unarudi Mahenge."

Kurudi sikutaka hata kidogo. Nikatunga "Pantoni Ngoja", wimbo wa msichana anayekimbilia kivuko cha Kilombero na kuku wake kwapani. Jumapili mvua ikanyesha tangu asubuhi, jiko likashindwa. Tulipofika kwenye kiitikio, "Pantoni, ngoja," kibao cha sauti ya sol nilichokitegemea kujibu kikazama. Kimya! Kwa hofu ya kupoteza mwendo nikapiga mguu sakafuni, pa-pa. Kiitikio kiliporudi, ukumbi mzima, Wandamba kwa Wasukuma, ukapiga makofi pale pale: pa-pa! Hakuna aliyeketi. Nililia kwa furaha huku vidole vinaendelea.

Kesho yake kiongozi aliniita, akageukia wenzangu. "Fundi akija kuitengeneza hiyo sol, mfukuzeni."

Baadaye nilihamia bendi moja ya Ifakara, yenye piano nzima. Siku moja, tukipiga wimbo ule, nikajidai kuijaza ile nafasi kwa sol safi. Wachezaji wakanigeukia: "Dada, mbona unatuzibia?" Sikurudia tena.

Sasa nimestaafu, na vidole vimekauka kama makopa ya muhogo. Juzi, kwenye harusi ya mjukuu wangu huko Michenga, kijana mmoja wa kinanda cha umeme aliuanza wimbo ule. Kila alipotia sauti yake pale kwenye kiitikio, makofi ya wachezaji yaliifunika. Mwishowe akanijia, jasho likimtiririka.

"Shikamoo bibi. Nimeambiwa wimbo ni wako. Hivi pale panakaa sauti gani?"

"Marahaba. Wimbo ni wangu, mjukuu wangu. Pale ni pao."