Kocha Niliyemkataa kwa Kipaza Sauti

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua wengine mmeshaniona kwenye simu zenu nimeshika kipaza sauti mkono huu na mwiko mkono huu, basi acheni kwanza kucheka mnisikilize, maana aibu ya siku ile niliitafuta mwenyewe kwa miguu yangu.

Mimi nauza ugali na mlenda kule Chimwaga, kando ya uwanja wa timu ya chuo. Shule niliishia la tatu, ila mpira nimeutazama pale tangu baadhi ya wachezaji hawajazaliwa. Siku hiyo walikuwa wanatafuta kocha msaidizi, wamekuja watu watatu, kila mmoja anapewa vijana awafundishe, na kamati imekaa chini ya turubai inaandika. Kocha mkuu, ambaye hula kwangu kila siku, akanitania, "Bibi, wewe ungemchukua nani?" Ningecheka tu yangeisha. Mimi nikalichukua kama kazi niliyopewa na serikali.

Wa kwanza alipita kibandani akanipa shikamoo, wa pili naye shikamoo, tena akasifu mlenda. Wa tatu, mrefu, kofia nyekundu, aliponiona tu akageuza uso, akazunguka nyuma ya vyoo, kwenye miiba, ili asipite mbele yangu! Nikimtazama, anainama kufunga kamba za viatu. (Viatu gani hivyo vya kufungwa mara sita?)

Nikaacha ugali motoni, nikaenda hadi kwenye turubai, nikachukua kipaza sauti mezani.

"Kamati, mimi sijasoma, lakini huyu wa kofia nyekundu msimchukue. Hajui hata kumsalimia mama mzee, atawafundisha nini watoto wa watu? Amelelewa wapi huyu?"

"Ongeza, bibi! Ongeza!" Wanafunzi hao, simu juu.

Nami mjinga nikaongeza, nikafika mpaka kwa wazazi wake ambao siwajui. Yeye kanipa mgongo, kofia kaishusha mpaka puani.

Narudi kibandani, ugali umeungua, simu inaita. Ni Neema, binti yangu wa mwisho, anayefanya kazi Mtumba, na hata salamu hakunipa.

"Mama, video nimeiona! Umemfanya nini Elia?"

"Elia yupi?"

"Elia aliyeleta barua, mama! Hiyo kazi ndiyo tulikuwa tunaingojea tufunge ndoa!"

Barua ya posa tulishaipokea kwa mshenga, tukaikubali, na mwenye posa sijawahi kumwona, maana ni mimi, kwa mdomo huu huu, niliyemwambia mshenga kwamba nyumba yetu inafuata ya zamani: mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe mpaka mahari itoke, akimwona njiani ampishe. Kijana wa watu, kwao Songea huko, ananijua kwa picha tu aliyoonyeshwa na Neema, kashika agizo langu kuliko wanangu niliowazaa, nami namtukana kwa kulishika!

Nikarudi kwenye turubai, na kuomba radhi kwenyewe kukawa shida, kwa sababu bado hatuwezi kuonana. Yeye yuko nyuma ya turubai, mimi mbele, kocha mkuu katikati.

"Mwambie nimekosa."

"Anasema hana kinyongo, bibi."

"Mwambie atoke kwenye miiba."

Kazi alipata. Kocha mkuu alisema mtu anayetukanwa vile asijibu, wachezaji wake atawaweza. Neema alininunia wiki nzima. Na sasa timu inafungwa kwa kona kila Jumamosi, kona ni kazi ya Elia, ninaona kabisa mabeki wamesimama vibaya, wateja wananiuliza, "Bibi, vipi kocha msaidizi?" nami nakoroga ugali tu, maana mkwe wangu siwezi kumsema mbele ya watu. Makocha sichagui tena, hata wakinibembeleza.

Ila jioni ya siku ile ya kipaza sauti niliwaita wote wa nyumbani Miyuji, wakubwa kwa wadogo, wakakaa ukumbini, nikawaambia mara moja tu: "Kuanzia leo, barua ya posa isiyo na picha isivuke mlango huu."