Simu ya Jumapili Saa Saba

Kabla hamjaniuliza kwa nini siku hizi nasita mtu akiniletea simu nimpangie, wacha niwaeleze habari ya Mama Wekulo. Na mnisikilize hadi mwisho kabla hamjaanza kunisuta, kwa sababu kujisuta nimejisuta vya kutosha.

Jina lake ni Khalayi. Hapa Kaloleni, Nairobi, tunamwita Mama Wekulo kwa jina la kifungua mimba wake. Ana miaka sabini na minne, na hamsini kati ya hiyo ameimaliza katika nyumba ile ile ya mawe, hatua chache kutoka kwenye holi ya mtaa. Mumewe alikuwa mtu wa reli. Alistaafu, akafa, nyumba ikabaki na mama na vitambaa vyake. Maana huyu mama hufunika kila kitu kwa kitambaa cha kufuma! Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata rimoti ameifumia kifuko, ukitaka kubadilisha stesheni lazima ubahatishe vitufe kwa kupapasa. Nikimtania hunijibu, "Tere, vumbi la Eastlands halina adabu."

Mimi nimezaliwa mtaa huu, na kama kuna mtu aliyenifundisha kwamba mashine huzoeleka, ni yeye. Nikiwa mdogo, redio yao ilikuwa na kile kishale chekundu cha kutafuta stesheni, nayo stesheni zilikuwa zikijificha. Mama Wekulo akachukua rangi ya kucha, akatia doa moja penye taarifa ya habari na madoa mawili penye nyimbo za kanisa. Basi. Hata mgeni angeweza kuwasha. Watu walitoka hata mtaa wa Makongeni kuja kutiwa madoa kwenye redio zao.

Halafu kulikuwa na Marion. Mlango wa Marion na wa Mama Wekulo ulitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, ukikohoa huku unaambiwa pole kule. Mume wa Marion, Mzee Andati, ndiye aliyeleta televisheni ya kwanza upande wetu, nyeusi na nyeupe, antena yake ikafungwa kwenye mlingoti mrefu nyuma ya jikoni. Wacha we! Siku za mpira Marion alisimama dirishani, Mama Wekulo nje akiwa ameukumbatia ule mlingoti. "Zungusha kidogo! Umepita! Rudi! Hapo hapo, usipumue!" Na kweli hapumui. Sisi watoto tuliojazana sakafuni tulikuwa tukimsahau huko nje mpaka kipindi kiishe.

Na simu? Simu ilikuwa ile ya kutia sarafu karibu na holi, moja kwa mtaa mzima. Ikilia, yeyote aliyekuwa akipita aliinua, akauliza inamtaka nani, akatimua mbio kwenda kumwita. Ungekuta mama ana povu la sabuni hadi viwikoni, anakimbia huku kiatu kimoja kimebaki nyuma. Nikikumbuka hivyo moyo huniuma, kwa sababu siku hizo simu ilikuwa moja na sijui aliyepigiwa akakosa kuambiwa.

Kila Jumapili wale wawili wakitoka kanisani walikaa kwenye ngazi ya nyuma na birika la chai. Saa saba mchana, jua liwe kali, mvua iwe inanyesha. Walisengenya, walicheka, walinuna, wakapatana kabla chai haijapoa. Miaka arobaini na kitu.

Januari mwaka huu Marion akaondoka. Mzee Andati alikwisha kufariki, na wanawe walikuwa wamemjengea nyumba kwao Chavakali, huko magharibi. Siku ya kuondoka hawakulia. Walipatana tu: kila Jumapili saa saba, Marion atapiga simu. Kwa nini Marion? Kwa sababu Mama Wekulo ana sheria yake kwamba anayeondoka ndiye anayetafuta wenzake. Marion akamwachia sufuria yake kubwa ya ugali, ile iliyolisha matanga na harusi za mtaa mzima, akapanda gari.

Mimi nina kibanda changu mbele ya holi. Nauza chaja, kava, waya za kusikilizia, na ushauri natoa bure. Nimebandika maboksi yaliyokatwa, nimeandika kwa kalamu nene: usiache simu juani, usiiache usiku mzima ikichaji, televisheni ikigoma zima swichi ya ukutani uhesabu hadi thelathini. Watu wananiita daktari. Nami nilikuwa nalipenda jina hilo kuliko ilivyofaa.

Basi Wekulo, aliyeko Kitale, akamnunulia mama yake simu ya kugusa, kabambe yake ya vitufe ikastaafu. Nikaipanga mimi. Nikakuza herufi zikawa kama za mabango. Nikaongeza mlio. Nikaweka picha ya Wekulo na picha ya Marion mbele kabisa, ukigusa uso unapiga. Matangazo ya mikopo na kamari yalikuwa yakimkera, nikamwonyesha, "Mama, kila jioni vuta pazia hili kutoka juu, gusa hapa, yote yanafutika." Akafurahi kama aliyefagia uwanja. Tangu hapo kila jioni anafagia.

Mwezi wa Februari, katikati ya maombi kanisani, simu ya mama mmoja ikalia kwa sauti ya jogoo. Mchungaji akanyamaza. Jogoo hakunyamaza. Ibada ilipokwisha mchungaji akaniita: "Teresiah, wewe ndiwe mjuzi. Tusaidie na hawa mama zetu." Nami, kichwa kikubwa hivi, nikawapanga foleni kumi na wawili, Mama Wekulo akiwemo, nikaingia kwenye mipangilio, penye ile alama ya mwezi mchanga, nikaweka kwamba kila Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, simu inyamaze yenyewe, hata anayepiga akirudia. Saa tisa, kwa sababu mikutano ya akina mama haijulikani inaisha lini. Jumapili iliyofuata kanisa lilikuwa kimya kabisa. Mchungaji akanishukuru kwa jina madhabahuni, watu wakapiga makofi. Sikuwaambia hao mama kwa urefu nilichofanya. Nilisema tu, "Nimeitengeneza."

Mnaona tayari, sivyo? Mimi sikuona. Miezi minne sikuona.

Mama Wekulo alikuwa anarudi nyumbani saa sita unusu, anaweka simu kwenye kabati, anaifunika kitambaa chake, anakaa kungoja. Haangalii, anasikiliza, kama alivyozoea tangu enzi za simu ya holini. Saa saba inafika. Inapita. Nilikuwa nikimsalimia Jumatatu, "Marion hajambo?" Mwezi wa tatu alinijibu, "Labda mtandao huko ni mbaya." Mwezi wa nne, "Ana nyumba ya vigae sasa, atakumbuka watu wa Kaloleni?" Mwezi wa tano hakujibu kabisa, alinunua vocha akaenda zake. Nikamwambia, "Si umpigie wewe, mama?" Akanigeukia kwa macho makali. "Mimi sikuondoka."

Nikaona ni mambo ya wazee, yatapita.

Jumapili moja ya Juni nilipita kwake kama saa nane mchana. Nikaikuta ile sufuria ya Marion mezani, imesuguliwa kwa mchanga na waya hadi inang'aa, imefungwa kwenye leso. "Inaenda wapi?" nikauliza. "Inarudi kwa mwenyewe. Luseno anapeleka lori Kakamega leo saa kumi, ataishusha Chavakali." Luseno ni dereva, muumini mwenzetu. Kwa watu hawa, kumrudishia mwenzako sufuria mliyopikia misiba bila neno ni kumwambia nisikuone tena. "Mama, miaka arobaini?" nikasema. Akasema, "Hiyo miaka ni yeye ameitupa. Nisaidie kumpigia Luseno aje aichukue. Simu sijui nimeiweka wapi."

Alikuwa ametoa vitambaa vyote kuvifua, akarudisha vingine, nyumba imevurugika. Nikasema neno rahisi tu, "Ngoja niipigie tuisikie ilipo." Nikapiga. Kwangu inaita. Chumbani kimya. Nikapiga tena, nikaanza kuinua kitambaa kimoja kimoja, na chini ya kile cha kabatini nikaikuta. Kioo kinawaka, jina langu limeandikwa kwa zile herufi kubwa nilizokuza mwenyewe, na hakuna mlio hata kidogo. Juu kabisa ukingoni, kialama cha mwezi.

Ngai! Nikafungua orodha ya simu, mahali ambapo mama hajawahi kuingia kwa sababu yeye hugusa nyuso tu, na ule ufagio wake wa jioni, uliofuta taarifa za simu pamoja na matangazo, haufiki huko. Nikashuka hadi Februari. Marion. Jumapili, saa saba na dakika mbili. Jumapili iliyofuata, saa saba. Iliyofuata hiyo, saa saba. Nikawa napanda na kidole, na kila Jumapili yupo, hadi Mei.

"Umeiona?" Mama Wekulo akauliza.

Ningeweza kusema ni mtandao. Naapa wazo hilo lilinijia. Badala yake nikakaa chini sakafuni, nikamweleza yote: jogoo wa kanisani, mwezi, saa tisa, makofi niliyopigiwa. Nikamsomea orodha. Alisikiliza bila kuniangalia. Nilipofika Jumapili ya pili ya Mei nikasita, maana siku hiyo zilikuwa simu kumi na nne. Mfululizo, tangu saa saba hadi karibu saa tisa. Baada ya hapo, hakuna tena.

"Kumi na nne," akarudia. "Alikuwa anataka nini siku hiyo?"

"Sijui, mama."

"Piga."

Nikagusa uso wa Marion, nikaweka spika. Ikaita sana. Mwishowe ikapokelewa.

"Nani?"

"Mimi. Khalayi."

Jogoo aliwika huko mbali. "Khalayi wa Kaloleni? Huyo nilimpigia nikachoka."

Mama Wekulo akanisukumia simu kifuani. "Mwambie wewe."

Nikamwambia. Marion akaniacha nimalize, kisha akauliza polepole, "Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili, mama. Kosa ni langu. Yeye alikuwa amekaa hapa anangoja, hakusikia."

"Hata siku ile ya Mei?"

"Hata siku ile."

Akavuta pumzi. "Siku ile nilikuwa wodini, Teresiah. Presha ya macho. Kesho yake ndipo walikuwa wanipasue. Wanangu walikuwa bado njiani, na mimi hofu imenishika. Sikuwa na haja ya maombi, wachungaji walikuwepo tele. Nilitaka tu Khalayi anigombeze kidogo, aniite mwoga, kama kawaida yake. Nilipiga mpaka muuguzi akaninyang'anya simu. Nikajiambia, sawa, nimekwisha kuwa mtu wa mbali. Nikaingia hivyo hivyo."

Mimi nilikuwa nalia waziwazi, pua na macho, sina aibu ya kusema. Nilimtazama Mama Wekulo nikingoja anitukane, na ningemshukuru kwa matusi hayo. Hakunitukana. Alinyoosha mkono akachukua simu yake, akaiweka mdomoni kabisa, kana kwamba Marion yumo ndani.

"Wewe mwoga," akasema.

Marion akacheka, kicheko kikageuka kilio, wakalia wote wawili kila mmoja upande wake. Mimi nikatoka mlangoni kuwapisha, nikampigia Luseno nikamuuliza kama kiti cha mbele kina mtu. Akasema kitupu. Niliporudi, Mama Wekulo alikuwa amefungua leso, anaweka nguo zake mbili na Biblia ndani ya sufuria. Nikampa ishara kwamba nafasi ipo. Akaitikia kwa kichwa, simu ingali sikioni.

"Ni jicho gani?" akauliza.

"La kushoto. Halikurudi, Khalayi. Upande huo ni giza tupu, watu wananijia sijui ni nani."

"Basi kesho nikifika," Mama Wekulo akasema, "nitakaa kushoto."