Mama Kwenye Keria ya Baba

Baba alivusha watu kwa baiskeli pale mpakani Busia hadi magoti yakakataa. Ile baiskeli yake aina ya blaki mamba ilikuwa na keria iliyoshonewa sponji, na juu ya sponji hiyo walikaa wachuuzi, wagonjwa, maharusi, hata mbuzi. Mama hakukaa. Akienda soko alifuata nyuma kwa miguu, kikapu kichwani, kwa sababu kiti kilikuwa cha wateja. Baba alikuwa na sheria mbili tu: abiria hashushwi mlimani, na baiskeli hairudi tupu.

Alipougua mara ya mwisho, zahanati yetu kule Bukhayo haikuwa na mtungi wa oksijeni, na tukampoteza. Mwaka uliofuata watu wa kanisa wakapanga safari ya baiskeli kutoka Busia hadi Malaba, kumkumbuka na kuchangisha pesa za mitungi. Vijana wakaja na baiskeli za gia na kaptura za kubana. Mimi, muuza samaki wa omena mwenye mwili wangu wa kutosha, nikasema naenda na ya baba, na nitambeba mama. Kaka yangu alicheka hadi akashika ukuta. Ati nitamshusha mama kabla hatujatoka mjini. Wee, thubutu! Angenyamaza, pengine ningebadili nia. Sasa ningewezaje?

Mama alikaa upande, leso kiunoni, mkono mmoja umeng'ang'ania nguo yangu. Mwanzoni barabara ilinidanganya, nikaimba hata wimbo. Kisha mlima ukaanza. Mapaja yaliwaka moto, baiskeli ikayumba kama mlevi wa busaa. Vijana wa gia walikuwa wamenipita zamani, na kaka, aliyetufuata kwa pikipiki, akapunguza mwendo ili asikose kuona mama akishushwa. Mama mwenyewe akasema ashuke tu, atembee kidogo, amezoea.

“Kaa hapo, mama,” nikamwambia. “Leo wewe ndiye mteja.”

Nikasimama juu ya pedali. Niliomba Mungu, nikatukana, sikumbuki kipi kilitangulia. Tukafika juu, yeye bado amekaa. Nililia, na haikuwa kwa maumivu.

Kwenye foleni ya malori ya Malaba, madereva waliokuwa wakichemsha chai kando ya magurudumu waliinuka, wakatupigia makofi. Nilijivuna, sifichi. Nilijivunia hii miguu yangu minene, nikajivunia baba aliyeitumia yake kutusomesha.

Pikapu ya kanisa ilikuwa inangoja kuturudisha Busia pamoja na baiskeli. Kaka alikuja bila mzaha wowote, akamnyooshea mama mkono ili ashuke. Mama hakuupokea.

“Miaka yote nimeona hiki kiti kikipita na watu wengine,” akasema. “Sishuki. Na baiskeli ya baba yenu hairudi tupu.”

Niliitazama pikapu, nikaitazama miguu yangu. Kisha nikageuza baiskeli.