Matundu Katika Nyasi Zangu

Uani kwangu, hapa Rumonge, kuna pelusi, ndivyo tunavyoita nyasi za kupandwa. Niliipanda mwenyewe, shina kwa shina, nikiwa nimepiga magoti. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani ni kazi ya mume wangu. Yeye ni fundi mwashi. Angeachiwa dunia, angeipiga saruji yote.

Kosa lilikuwa langu, nakiri, ingawa sipendi kukiri. Nauza mawese. Miaka mingi mapipa kutoka Kizuka yalibingirishwa juu ya nyasi zile, toka langoni mpaka stoo, hadi udongo ukashikamana ukawa mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji yalikaa katikati siku tatu yakinuka, na nyasi zikageuka njano. Ndipo mume wangu alipoleta mifuko ya saruji, akaipanga barazani.

"Mama watoto, hii pelusi imekufa," alisema. "Acha nimwage beto, tupumzike na matope."

"Haijakufa. Imekosa pumzi."

Alicheka, nami nikapandwa na hasira. Tukawekeana sharti: mvua kubwa itakayofuata, kama maji yatakuwa bado yamesimama baada ya swala ya alasiri, atamwaga saruji yake. Kama yameondoka, asinitajie tena habari hiyo.

Nilianza kwa pupa. Nilipigilia misumari mirefu kwenye kandambili za tairi, nikazifunga miguuni kwa kamba, nikatembea uani kama bata. Vitundu vilitokea, lakini uzito wangu, nami si mwembamba, uliukandamiza udongo pembeni yake. Siku ya pili vyote vilikuwa vimeziba. Hapo nikaelewa kwamba haitoshi kuuchoma udongo. Lazima sehemu yake itolewe.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, karibu na soko. Nilimwomba anikatie vipande viwili vya bomba la maji, ncha zake zichongwe ziwe kali, ubavuni viwe na uwazi wa kutolea udongo. Juu yake aweke chuma cha kukanyagia na mpini wa kushika kwa mikono miwili.

"Mama, hii bomba itajaa udongo," alisema. "Tuweke chuma nzima, itakuwa na nguvu."

"Nataka ijae, mwanangu. Ndiyo kazi yake."

Alinitazama kama vile nimeagiza ndoo iliyotoboka, lakini alichomelea.

Nilimwagilia uani jioni, asubuhi udongo ukawa na unyevu bila kuwa tope. Unakanyaga, unatikisa mpini, unavuta. Vipande vya udongo vilitoka vinene kama vidole gumba, vikalala juu ya nyasi. Nilitoboa kila shibiri moja, kuanzia katikati, kwa siku nne, mpaka mabega yakaniwaka moto. Vipande vilipokauka nikavivunja kwa reki.

Ulibaki mchanga wa kujaza matundu yasizibe, na hapo akili yangu ikanizidi. Mteja wangu mmoja wa Magara huanika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni. Mchanga wake nilikuwa nimeuona, mwepesi, haukosi kufagiwa, na wa bure. Nikabeba magunia mawili, nikaumwaga na kuufagia matunduni. Kesho yake paka wa mtaa mzima walikuwa uani kwangu wakifukua vichwa vya ndagala, na kunguru wamejipanga ukutani wakingoja zamu. Mume wangu alitoka barazani akacheka mpaka akakaa chini. Nililinda kwa fagio siku mbili, huku nikimwagilia maji mpaka harufu ikaisha. Aibu niliiona, lakini mchanga sikuuondoa.

Mvua ilishuka Ijumaa, mume wangu akiwa msikitini. Ilikuwa mvua ya kweli, ile ya kuficha nyumba ya jirani. Nilisimama barazani nikaona dimbwi likijaa palepale pa siku zote, na roho ikanishuka. Ilipokatika, dimbwi lilikuwa bado pale. Kisha nikaona mapovu. Yalitoka moja moja kwenye matundu, kama chungu kinapoanza kuchemka, na maji yakawa yanashuka. Niliita kwa sauti, nyumbani hakukuwa na mtu.

Mume wangu alirudi baada ya alasiri. Dimbwi lilikuwa limekwisha. Alivua viatu, akatembea juu ya nyasi peku, akibonyeza kwa kisigino katikati, kisha huku, kisha kule, mpaka akafika kando ya ukuta ambako sikuwa nimefika.

"Ile chuma yako iko wapi?" aliuliza.

"Unataka kuitupa?"

"Huku pembeni bado iko ngumu. Leta."

Nilimletea. Alikanyaga kwa nguvu zake zote, akavuta, bomba likakwama. Nilijivuna, sioni haya kusema. Nilijivuna mpaka nikashika kiuno.

"Polepole, fundi," nikamwambia. "Tikisa kwanza, ndipo uvute."

Akatikisa.