Mlinzi wa Antena ya Mlimani

Mlinzi wa kituo cha volkano, juu ya kijiji chetu, hajawahi kumrushia ndege jiwe. Ndege wakitua kwenye antena ya satelaiti inayopima kama mlima unavimba, huitoa mdomoni sigara yake ya karafuu, akapiga makofi kwa viganja vigumu kama kandambili. "Haya waheshimiwa, shukeni." Kisha hufuta kinyesi kwa ncha ya saruni.

Jana alitua ndege mweusi mwenye mkia mrefu, mwimbaji ambaye watu wa huku humtafuta msituni wiki nzima. Jirani yangu Wagiman, mtega ndege, akamkamata mlinzi mkono.

"Mzee, usimfukuze! Ngoja nikalete ulimbo."

Mlinzi akajinasua, akapiga makofi. Ndege akaruka.

"Umerogwa wewe?" Wagiman akafoka.

"Wakizoea pale, vipimo vinavurugika, king'ora kinalia. Nikikukimbiza bure leo, siku mlima ukiamka kweli, wewe utakimbia?"

Wagiman akaondoka akitukana. Mlinzi alibaki ameelekeza uso msituni, akipiga mluzi, akiuiga wimbo wa yule ndege, akikosea, akirudia, mpaka akajibiwa.

Alicheka peke yake kama aliyesalimiwa na mkwe.