Nafaka Mia Sita na Hamsini

Kabla sijaandika lolote kuhusu nyati, niseme kwamba mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Kilosa mjini, na nina ugonjwa ambao wateja wangu wote wanaujua: siachi kitu mpaka kinyooke. Pindo likipotoka kwa upana wa uzi, nalifumua. Niliwahi kufumua gauni la bibi harusi mara tatu huku mwenyewe amekaa kwenye benchi, na ndugu zake wananipigia simu kuuliza kama tumekufa.

Mambo ya pinde yaliniingilia kupitia cherehani hiyohiyo. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, anaishi Zombo, na kila msimu hufanya kazi ya kusoma nyayo katika kitalu cha uwindaji kusini ya Mikumi, nje ya mipaka ya hifadhi, ambako wageni wenye vibali huwinda. Siku moja aliniletea podo la mishale la kambini lililochanika, nilishone. Ndani mlisahauliwa mshale mmoja. Podo nililimaliza kwa saa moja. Mshale niliukodolea macho wiki nzima.

Wano lake, yaani ufito wenyewe, lilikuwa jeusi, jepesi, na limenyooka kuliko rula yangu ya chuma. Nyuma lilikuwa na manyoya matatu ya plastiki yaliyogandishwa kwa mshazari, yote kwa pembe moja. Nililiviringisha mezani na halikutikisika hata kidogo. Sijui nielezeje. Ilikuwa mara ya kwanza kukutana na kitu ambacho aliyekitengeneza aliumwa ugonjwa wangu.

Nikaanza kujifunza kwa simu. Sikuwa na mwalimu. Nilitazama video bila kuelewa nusu ya maneno, nikasoma kurasa zilizotafsiriwa na simu yenyewe. Nikajifunza kusuka upote, ile kamba ya upinde, na kambini wakaanza kuniletea pinde zilizolegea. Nikajua kwamba chembe, ile ncha ya chuma, ya aina inayofungukia mwilini inafaa kwa swala, lakini kwa mnyama mkubwa inavunjika kwenye mfupa. Kwa nyati unataka chembe ngumu ya makali mawili. Nikajua kwamba mbavu za nyati ni pana na zimekaribiana kiasi kwamba mshale hauna pa kupenya, lazima ukate. Na nikajua kwamba kwa nyati uzito wa mshale ndio kila kitu. Mshale mwepesi unawahi kufika na unawahi kusimama.

Halafu ukurasa mmoja ukaniambia: kwa nyati, tumia mshale usiopungua nafaka mia sita na hamsini.

Nafaka. Ndivyo simu ilivyoandika. Mtu mwingine angetilia shaka. Mimi niliwaza tu: nafaka gani?

Msimu uliopita mkuu wa kambi, ambaye pia ndiye mwenye bunduki ya kumlinda mgeni porini, alinipigia. Mgeni wao wa nyati alikuwa njiani na begi lake la upinde limepotea kwenye ndege. Kambini palikuwa na upinde wa akiba, boksi la mawano na chembe za kila aina. Je, ningeweza kumwandalia mishale mitatu kabla hajafika? Nilijibu ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Dereva akayaleta yote Kilosa.

Nilichukua mzani wangu mdogo wa kupimia rangi za vitambaa, nikaanza kuhesabu. Mahindi mia sita na hamsini yalikuwa mazito kama nyundo, nikayaweka kando. Mpunga wa Magole ulikuwa mwepesi mno, wano tupu bila chembe lilikaribia kuushinda. Mama akapita na ungo wake.

"Unahesabu nini, mwanangu?"

"Uzito wa mshale wa nyati."

"Kwa mpunga?"

"Mpunga umekataa. Najaribu mtama."

"Si ujaribu na choroko, maadam zipo."

"Mama, choroko si nafaka. Ni kunde."

"Haya, mwalimu," akasema, akaenda zake.

Mtama ulisoma gramu ishirini na tano. Nikafunga chembe nyepesi ya makali mawili kwenye wano, nikaweka mshale kwenye mzani: ishirini na tano kamili. Nilipiga kofi peke yangu kibandani. Kila kitu kilikubaliana. Chembe nzito nikazirudisha kwenye boksi, na daftarini nikachora jedwali kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, mstari kwa rula.

Hapa lazima nieleze kazi ya pili ya baba mdogo, maana yote yanategemea hiyo. Yeye ndiye mchinjaji. Nyama ya nyati huliwa zaidi na wafanyakazi na watu wa vijiji vya jirani, na wengi wetu ni Waislamu. Mnyama akianguka, kabla roho haijatoka, mtu lazima amfikie na kisu, ataje jina la Mungu, amchinje. Mshale ukifanya kazi yake, baba mdogo anamfikia nyati aliyelala akivuta pumzi za mwisho. Mshale ukiishia kwenye ubavu, nyati anaingia kichakani na nguvu zake zote na hasira zake zote, na wa kwanza kumfuata kwa nyayo ni yeye yule. Nilijua hilo wakati wote nikihesabu mtama.

Nilisafiri kwenda kambini na mishale yangu nimeifunga kwenye kanga. Mgeni alikuwa mzee mpole, mrefu, wa maneno machache. Aliushika mshale mmoja, akaupimapima mkononi, akakunja uso. Akauliza jambo kwa Kiingereza na mkuu wa kambi akanitafsiria: mbona mwepesi? Nikafungua daftari. Akatazama jedwali langu, akaona mia sita na hamsini kwa wino mwekundu, akatikisa kichwa taratibu kukubali. Siku hiyo alipanga alama za kulengea za ule upinde kwa mishale yangu. Ilikuwa inakwenda kama mbayuwayu. Nilivimba.

Kesho yake alasiri, siku moja kabla ya kwenda porini, mkuu wa kambi alikaa mezani akipanga risasi zake. Kwenye boksi paliandikwa nambari mia tano, na mbele yake lile neno la Kiingereza ambalo simu yangu ililiita nafaka. Kwenye funguo zake alikuwa ametundika risasi moja kongwe ya shaba.

"Hiyo ndiyo mia tano?" nikauliza.

"Hiyohiyo. Ilitoka begani kwa nyati, haikupungua hata kidogo."

"Naomba niipime."

Akacheka. "Wewe na mzani wako! Mpime na mpishi basi."

Mzani ulisoma thelathini na mbili. Nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha. Thelathini na mbili. Nikapiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu. Kama mia tano ni gramu thelathini na mbili, basi mia sita na hamsini ni karibu arobaini na mbili. Mishale yangu ilikuwa na ishirini na tano. Neno lile lilikuwa jina la kipimo, kama ratili au wakia, halikuwa na uhusiano wowote na chakula cha mtu.

Nakiri jambo ambalo ningependa lisiwe kweli. Wazo la kwanza halikuwa baba mdogo. Wazo la kwanza lilikuwa daftari: watalicheka daftari langu. La pili lilikuwa kwamba bado ninaweza kurekebisha bila mtu kujua. Chembe nzito zilikuwepo kwenye boksi. Na uzito uliobaki ungeweza kuingia ndani ya wano lenyewe, upande wa mbele, kama ningepata vipande vya chuma chembamba.

Baiskeli ya baba mdogo ilikuwa imeegemea nyuma ya jiko. Nilikuwa nang'oa spoku ya tatu kwenye gurudumu la nyuma niliposikia kikohozi.

"Shikamoo, baba," nikasema, spoku ingali mkononi.

"Marahaba. Hiyo baiskeli imekukosea nini?"

"Nilikuwa naikaza."

"Unaikaza kwa kuing'oa? Aisee, Kilosa mna ufundi."

Nikataka kucheka, nikalia. Nikamweleza yote, mahindi, mpunga, mtama, risasi. Alisikiliza akiwa amechuchumaa, akizungusha kofia yake kwenye goti. Nilipomaliza, mabega yakaanza kumtikisika.

"Mtama! Yaani mwanangu ulitaka kunipeleka kwa nyati na uji."

"Baba, usicheke."

"Nicheke lini, nikishapigwa pembe?" Akajifuta macho. "Mgeni anajua?"

"Bado. Nilitaka niitengeneze kimyakimya, kesho aikute iko sawa."

Hapo akaacha kucheka. "Mshale mzito si unashuka mapema? Mimi sijasoma, ila nimerusha mawe. Yule mzee amepanga jicho lake kwa mshale wako wa uji. Ukimbadilishia asijue, atalenga moyo apige mguu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mimi, mwenye jedwali la rangi mbili, sikuwa nimelifikiria. Siri yangu ingekuwa mbaya kuliko kosa langu.

"Kamwambie," akasema, akavuta ile baiskeli kwake. "Unataka spoku ngapi?"

"Sita."

"Nenda. Mimi nang'oa."

Niliwaambia wote wawili nikiwa nimesimama, mikono imejaa grisi. Mkuu wa kambi alifumba macho muda mrefu. Mgeni alilitazama daftari, akanitazama mimi, akasema maneno machache. Nikaomba nitafsiriwe.

"Anasema mkono wake ulimwambia. Akaamini mwandiko wako."

Hakuna aliyewahi kuniambia jambo lililonikaa kama hilo.

Tulifanya kazi mpaka jua likainama. Tukafunga chembe nzito, na spoku mbili kwa kila mshale zikakatwa nusu na kugandishwa kwa gundi mbele ndani ya wano. Nikazisugua ncha mpaka mishale yote mitatu ikasoma arobaini na mbili. Uzito wa mbele huweza kufanya wano lipinde linaporuka, kwa hiyo nikatandaza karatasi ya kaki ya kukatia mitindo kwenye fremu na mgeni akapiga kupitia hapo, tundu lituonyeshe kama mshale unaruka umenyooka. Mara ya kwanza karatasi ilichanika kwa ubavu. Nikafupisha mawano kidogo. Ikachanika kidogo zaidi kuliko nilivyotaka. Nikafupisha tena. Mwishowe ikabaki tundu moja dogo na alama tatu za manyoya, safi kama kifungo. Akapanga upya alama zake za kulengea. Mshale haukwenda tena kama mbayuwayu. Ulikwenda kama mtu anayejua anakokwenda.

Alfajiri mkuu wa kambi aliniambia nipande gari. "Twende ukaone unamtengenezea nani."

Waliniacha na dereva juu ya jabali, na darubini. Nilikuwa nimewaona nyati mara nyingi kwenye dirisha la basi, barabara kuu inapokatiza hifadhini, na nilidhani nawajua. Sikuwajua. Walitoka kwenye ukungu wa bondeni mmojammoja, kama ardhi inajitenga vipande na kutembea. Ndege wamekaa migongoni mwao. Mvuke unawatoka puani. Dume mmoja alisimama pembeni peke yake, shingo nene kama gunia la mkaa, pembe zimekutana juu ya paji kama jiwe lililopasuka, na sikuelewa jinsi mtu yeyote, tangu mwanzo wa dunia, alivyowahi kumtazama mnyama yule akafikiria kumrushia kijiti.

Kisha nikamwona baba mdogo. Kofia nyeupe ameivua ameikunja mkononi, anatambaa, mbele ya wote. Alikuwa mdogo mno. Nilimjua tangu nazaliwa na sikuwahi kuona udogo wake.

Mgeni alivuta upinde nyuma ya mti. Dume akahamisha mguu wa mbele, akafungua bega. Mshale sikuuona. Nilimwona dume akiruka kama aliyechomwa na nyuki, akakimbia hatua labda arobaini, akasimama. Alisimama muda mrefu, miguu ameitanua, kama anayetafuta neno. Nilikuwa nikisema, lala, lala, tafadhali lala. Dereva akanishika bega. Dume akapiga magoti, akalala ubavu, mahali peupe, mbali na kichaka.

Mkuu wa kambi akainua bunduki na baba mdogo akaenda. Alizunguka kutoka nyuma, upande wa mgongo, taratibu, akamtupia bonge la udongo kumjaribu. Sikio lilitikisika, mwili haukuinuka. Akainama. Nikafumba macho, na nilipofumbua alikuwa amesimama wima, anavaa kofia yake.

Tuliposhuka, mshale wangu ulikuwa umechomeka ardhini upande wa pili wa alipokuwa amesimama dume, umelowa kutoka chembe hadi manyoya. Ulikuwa umepita wote.

"Njoo umshike," baba mdogo akasema.

Nilipiga magoti. Ngozi ilikuwa ya moto. Nilipapasa ubavu mpaka nikapata mahali mshale ulipoingia, nikasukuma kidole pembeni yake kutafuta nafasi kati ya mbavu mbili. Haikuwepo. Kulikuwa na mfupa, na mfupa uliokatwa, na mfupa. Kope zake zilikuwa ndefu na zilikuwa na umande. Nikafikiria zile gramu ishirini na tano, nikashindwa kuutoa mkono pale.

Baba mdogo alikuwa anafuta kisu kwenye majani, amenipa mgongo.

"Sasa mimi Zombo narudije?" akasema. "Lile gurudumu linayumba kama mlevi."

"Nitalinyoosha, baba."

"Najua utalinyoosha. Nauliza leo."